Ndugu wa Nane wa Sinia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye kwamba nimeandika kwa upendeleo. Ni kweli, nimeandika kwa upendeleo. Anayezungumzwa ni baba yangu.

Kila mwaka, siku ya tatu ya Idi Kubwa, Ndugu wa Sinia hukutana Ibra, Omani, kwa chakula cha mchana. Wako wanaotoka Nizwa, wako wanaotoka Sur na Jalan, na sisi hutoka Mudhaibi, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Chama hiki kiliundwa na watu waliorudi kutoka Unguja miaka ya sabini, na leo kina wanachama zaidi ya mia, wengi wao wajukuu ambao Kiswahili chao kimebaki cha kuombea chai. Tunakutania kwenye sabla, ukumbi wa kupokelea wageni, wanaume mbele na wanawake chumba cha ndani, mlango wa katikati wazi. Kwanza huletwa sinia kubwa la shaba la kula watu wanane. Hilo ni la waasisi peke yao. Hakuna mkono unaogusa chakula popote, si mbele wala ndani, mpaka mwasisi amege tonge la kwanza.

Sasa waasisi walikuwa saba, na miaka minne hii amebaki mmoja, Ami Khelef, mzee wa miaka themanini na tatu. Basi fikiria. Mzee mmoja mwembamba, kanzu imepigwa pasi, amekaa peke yake mbele ya mlima wa wali na nyama, na watu mia wanamkodolea macho. Hula matonge mawili matatu, hunawa, na chakula kilichobaki hurudi jikoni kama kilivyokuja.

Baba yangu Nadhir hukaa sinia la pili, hatua tatu kutoka hapo. Yeye na Ami Khelef ni marafiki tangu walipokuwa vijana Malindi, Unguja. Huzungumza juu ya vichwa vya watu, kwa kupaza sauti, maana wote wawili masikio yamechoka. Lakini hakai naye, kwa sababu baba yangu si mwasisi. Ni wa nane. Alikuwemo tangu siku ya kwanza wazo lilipozaliwa, ila siku yenyewe ya kuanzisha chama alichelewa, na kanuni ni kanuni. Kwenye ubao wa mlangoni yapo majina saba. Watu wote humwita Mzee Nane, hata vitoto, na yeye hucheka.

Mimi sicheki. Sijapata kucheka hata mwaka mmoja.

Miezi mitatu kabla ya Idi ya hamsini, Mubarak, mtoto wa Ami Khelef na katibu wa chama, alinipigia simu. Walitaka historia ya chama iandikwe kwa Kiswahili kizuri, isomwe mbele ya watu siku hiyo. "Wallahi dada Hafidha, hakuna mwengine," alisema. "Sisi tukiandika, itakuwa kitabu ya kuchekesha."

Nilikubali kabla hajamaliza. Mimi ni mwalimu, nafundisha jiografia skuli ya wasichana, na kazi sikuwa nimekosa. Nilikubali kwa jambo moja tu. Nilitaka baba yangu, naye angali hai na meno yake kadhaa, ale katika sinia la kwanza.

Nilipomwambia, alikuwa anamenya chungwa. "Waache, Hafidha," alisema. "Wali ni ule ule."

"Si wali, Baba. Ni haki."

"Haki nyengine zinaumiza tumbo," akasema, akanipa nusu ya chungwa ili ninyamaze.

Sikunyamaza. Nilianza na daftari la marehemu Jamaldini, katibu wa kwanza, lenye jalada la kijani na mwandiko wa kujivuna. Humo nikaisoma Ibra ambayo sikuiwahi, maana nilizaliwa miaka miwili baadaye. Hakuna umeme. Hakuna lami. Kwenda Maskati ni safari ya kuagana na watu kabisa. Wanaume wanane na wake zao wamerudi kwenye mji wa babu zao, mji waliokuwa wakiujua kwa barua tu. Jamaa waliwapokea vizuri, sitaki kuwasingizia, lakini Kiarabu chao cha chuoni, cha kusomea Kurani, hakikutosha hata kununua kamba ya punda. Mtu akifiwa hajui amwite nani kwanza. Mtu akimwoza binti hajui nani atasimama kupika. Na Unguja walikuwa wamezoea vilabu, vyenye marais, makatibu, bendera na ugomvi.

Basi wakaunda chao. Waligawana vyeo vya kutosha watu kumi na sita, na kwa kuwa walikuwa wanane kila mmoja alipata viwili. Ami Khelef alikuwa Rais na Mwangalizi wa Kahawa. Baba alikuwa Naibu Katibu na Mkuu wa Safari, kwa sababu ndiye aliyekuwa na lori. Waliahidiana kuoshana, kuzikana, kuozana na kufundishana Kiarabu cha sokoni. Wakakubaliana chama kizaliwe kwa chakula cha Idi, watu wote ndani ya sinia moja. Na tangu hapo kila anayeingia hunawa, huweka kiganja cha kulia kwenye ukingo wa sinia na kusema: "Mie ni ndugu wa waliokula mwanzo katika sinia hili. Njaa yao njaa yangu, maiti wao maiti wangu."

Chini ya ukurasa huo Jamaldini ameandika majina saba, kisha mstari, kisha: "Nadhir bin Ngwali, wa nane, kwa kuchelewa." Amepiga hata mstari wa rula. Nilitamani afufuke dakika tano tu.

Sababu ya kuchelewa kila mtu anaijua. Siku chache kabla ya Idi, wenzake walimtuma Sur na lori lake. Akirudi akakuta mvua imeshusha wadi, mto ambao siku nyingine ni bonde kavu, maji yamekata njia, akalala siku tatu ukingoni akisubiri yapungue. Alipofika Ibra ilikuwa siku ya nne ya Idi na chama kilikuwa kimeshazaliwa. Kwamba alitumwa na chama chenyewe, hilo Jamaldini hakuliona kuwa na uzito.

Aliyenifungua macho ni Bi Balqis, mke wa Ami Khelef. Nilikwenda kwake Ibra asubuhi moja kuuliza habari za mapishi ya zamani, nikijua wanaume hukumbuka hotuba na wanawake hukumbuka kilichotokea.

"Shikamoo, Bi Balqis."

"Marahaba, mwanangu. Taal, kaa hapa kwenye feni. Wataka nini, historia? Mie nna historia ya kuwatoa watu mbio."

Akanieleza shuwa yao ya kwanza. Shuwa, kwa asiyejua, ni nyama iliyopakwa viungo, ikafungwa katika kapu la makuti, ikafukiwa shimoni juu ya makaa mpaka siku ya pili au ya tatu. Mtaa mzima hutia makapu yao katika shimo moja, na shimo likifunguliwa kila mtu huchukua lake, apende asipende. Wale mabwana wa Unguja hawakuwa wamewahi kufukia nyama maisha yao. Kapu lao walilifunga kwa fundo la mashua, na ilibidi walikate kwa shoka.

"Na harufu yake, mwanangu! Mbuzi mzima. Siku tatu wamekaa wanameza mate. Wakatandika majani ya migomba, wakala kama hawajaona nyama tangu washuke meli."

"Wakatandika wapi, Bi Balqis?"

"Kwenye mlango wangu."

Nilidhani sikusikia. "Mlangoni?"

"Si mlangoni. Mlango! Waliung'oa mlango wa sebule, wakaulaza chini, wakautandika majani, wakala juu yake. Mlango ulinuka mafuta mwaka mzima. Paka wa mtaa walikuwa wanakuja kuulamba. Nikamwambia Khelef, kama chama chako kinataka meza kioe fundi seremala."

"Sinia lilikuwa wapi?"

Bi Balqis alinitazama kwa huruma, kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari. "Sinia lilikuwa na babako, mwanangu. Yeye si ndiye aliyetumwa Sur kulichukua? Lilikuja naye, siku ya nne. Siku hiyo hiyo tukalipakulia, wali na papa mkavu aliyekuja nae. Wakala wote wanane."

Nilitoka pale nikatembea mpaka kwenye gari, nikakaa ndani bila kuliwasha, jua la Ibra likinipika. Waliokula mwanzo katika sinia hili. Mamia ya watu wameyaapa maneno hayo, mkono juu ya shaba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Watu saba hawaagizi sinia la watu wanane. Mara ya kwanza lilipoliwa, baba yangu alikuwa kati yao, na bila yeye lisingekuwepo hata la kuapia. Nilipiga usukani makofi nikacheka peke yangu, mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na mfuko wa mikate akasimama kuuliza kama nahitaji msaada.

Niliingia Mudhaibi kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa uani, anamwagia ndimu zake maji.

"Baba, walikula juu ya mlango!"

"Enhe," akasema, bila kugeuka. "Mlango wa sebule."

"Unajua?"

"Nitakosa kujua? Mie ndiye niliyeurudisha mahali pake. Wao hawakuweza, waliuweka juu chini. Ulikuwa unateleza mafuta, na jani la mgomba limeganda kwenye bawaba."

Nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni, na safari hii ilikuwa juu yake yeye. "Miaka hamsini, Baba! Unajua, na unaitwa Mzee Nane, na unacheka?"

Akafunga bomba. Akakaa kwenye ukingo wa bustani, taratibu, kwa sababu goti lake la kulia halimtii.

"Sikiliza," alisema. "Nilipofika na lori, walikuwa wamekaa wote saba barazani. Hakuna aliyenitazama usoni. Wamemtuma mwenzao safarini, na wamekula bila ya kumsubiri. Kwa watu wa aina yetu hilo si jambo dogo, Hafidha. Siku ile nyama ilikuwa ishatoka shimoni, wangefanya nini, lakini haya iliwakamata. Jamaldini ndiye aliyesema, 'Karibu, wa nane!' Khelef akacheka. Wote wakacheka, kwa sababu kicheko kiliwaokoa. Nami nikacheka. Ukishacheka na watu mara ya kwanza, khalas, umekubali."

"Lakini wao wakaifanya kanuni!"

"Mtu akiona haya hutunga kanuni." Akanishika mkono. "Nna ombi moja. Hilo la mlango usilisome. Khelef ndiye aliyebaki. Wenzake sita wako chini ya mchanga, hawataulizwa hapa. Yeye atakuwa amekaa peke yake, watu mia wanamtazama, na mwanangu mie anamfedhehesha siku ya Idi. La, Hafidha. Niahidi."

Niliona kabisa jinsi ninavyokipoteza kile nilichokitafuta, na kwamba anayenipokonya ni yule yule niliyekuwa nikimtafutia.

"Naahidi," nikasema. Niliingia jikoni na kuvunja sahani mbili, moja kwa bahati mbaya.

Siku ikafika. Sabla ilijaa hadi kwenye ngazi. Viyoyozi vilinguruma, uvumba ulifuka, wajukuu wa Nizwa walikuja na kanzu za dishdasha nyeupe na miwani ya jua. Sinia la kwanza likaingia limebebwa na watu wanne, wali wa zafarani na shuwa juu yake, likatuliwa mbele ya Ami Khelef. Mubarak akaniwekea kiti kwenye mlango wa katikati, ili wanaume na wanawake wote wanisikie, akanipa kipaza sauti.

Nilisoma vizuri, siwezi kujinyima sifa. Watu walicheka kwenye kamba ya punda. Walicheka kwenye vyeo kumi na sita. Nilipofika kwenye Idi ile, nilisoma: "Na siku ya tatu ya Idi, ndugu walikusanyika, wakala, na chama kikazaliwa." Kisha nikafunua ukurasa.

"Umeruka, mwanangu," Ami Khelef alisema.

Nilimtazama. Hakuwa amekasirika. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti.

"Sijaruka, Ami. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Balqis kanambia alivyokueleza. Tangu siku ile nasubiri kusikia utalisemaje. Soma la mlango."

Nilimtazama Baba kwenye sinia la pili. Alitikisa kichwa: usisome.

"Siwezi, Ami Khelef," nikasema. "Nimeahidi."

Ami Khelef akageuza shingo kumtazama Baba, na kwa muda wale wazee wawili wakatazamana, na watu mia hawakuelewa kitu. Halafu akasema, "Basi n'tasema mwenyewe."

Akasema. Hakupamba. Alieleza mvua, na shimo, na fundo la mashua, na kisha mlango, na hapo sabla nzima ikaangua kicheko, na kutoka chumba cha ndani Bi Balqis akapiga ukelele: "Na hamjanioshea mpaka leo!" Watu wakacheka mpaka wakafutana machozi. Ami Khelef aliwaacha wamalize. Yeye hakuwa anacheka.

"Tulikula na ndugu yetu yuko njiani," alisema. "Sinia analo yeye, siye tunakula. Alipokuja tukamfanyia mzaha, na mzaha tukauandika, na ulipoandikwa tukauona kanuni. Haya ile tulikuwa tukiigawana watu saba. Ilikuwa nyepesi. Kila akifa mmoja anan'achia fungu lake. Miaka minne hii nimekaa nayo hapa peke yangu, nami siwezi kumeza."

Akageuka tena kwenye sinia la pili.

"Nadhir," akasema. "Njoo ukae pahala pako."

Baada ya miaka hamsini! Mbele ya watu wote! Nilikuwa karibu kupiga vigelegele, mkono wangu ushafika mdomoni.

Baba hakuinuka.

"Mie hapa nishazoea, Khelef," alisema, kwa sauti ile ile ya kila siku. "Ndugu zangu hawa nimekula nao miaka yote. Nikiinuka leo, wao n'nawaambia nini? Kwamba pahala pao palikuwa pabaya?"

Karibu nimrushie kipaza sauti. Wallahi, nilikuwa nimeshakilenga. Mubarak alimtazama baba yake, hajui afanye nini, na wali ulikuwa unapoa mbele ya watu mia wenye njaa.

Ami Khelef akafikiri. Kisha akaweka kiganja chini, akaanza kuinuka. Mubarak akamkimbilia, mzee akamsukuma pembeni. Aliinuka kwa vipande, goti, kisha mgongo, kisha kichwa, akasimama. Akaliacha sinia la shaba na nyama yake yote, akatembea hatua tatu mpaka sinia la pili, ambako watu wanane walikuwa tayari wamebanana.

"Nafasi ipo?" akauliza.

Baba alilivuta goti lake bovu kwa mikono miwili, akasogea upande, na vijana waliokuwa kushoto kwake wakasogea, na pakapatikana pahala pa mtu mwembamba. Ami Khelef akaketi, bega kwa bega naye. Baba akanyoosha mkono kwenye nyama, akachagua kipande laini cha mbavu, akatoa mfupa, akatoa na mafuta kwa sababu ya moyo wa rafiki yake, akakiweka mbele ya Ami Khelef.

"Bismillahi," Ami Khelef akasema, akamega.

Sabla yote ikanyoosha mikono. Ami Khelef alikula. Alikula hadi Mubarak akaingiwa na wasiwasi na sukari yake, akaomba wali, akaomba limau, akamwambia Baba kwamba nyama ya mwaka huu ina chumvi nyingi, na Baba akamwambia ulimi wake ndio mbovu, na kwa kuwa walikuwa wamekaa karibu, kwa mara ya kwanza hawakulazimika kupiga kelele. Sikusikia mengine waliyosema. Nilikaa mlangoni na karatasi zangu mapajani nikalia, kwa furaha na kwa kidogo cha hasira pia, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanitilia tonge mdomoni ili nisitoe sauti.